Fahali Asiye na Nundu

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu,

Barua yako imefika, na umefanya vizuri kuniandikia mimi kabla ya wakubwa wengine, kwa sababu upande huu wa mto hakuna ndama anayezaliwa bila mimi kupewa habari. Juzi bwana mifugo mwenyewe, mwenye cheti chenye mhuri, alinisimamisha barabarani akaniuliza jambo la kwato. Nilimjibu bila kushuka kwenye baiskeli. Shule niliiacha darasa la sita, unajua, na si kwa kushindwa. Mwalimu alikuwa ameishiwa.

Unasema kituo chenu cha utafiti kinatafuta ng'ombe wenye damu ya zamani, ya kabla ya michanganyiko. Unasema kutoka huku kwetu ni fahali mmoja tu atakayeandikwa kwenye kitabu cha chimbuko, avikwe hereni ya shaba sikioni, na mbegu yake ihifadhiwe kituoni. Basi mwambie fundi wa hereni aje apime sikio la Jemedari.

Jemedari hujamwona, maana alikuja zizini ukiwa umeshakwenda chuo. Nundu yake ukiiwekea kikombe cha chai, akatembea mpaka mtoni na kurudi, chai haimwagiki. Mvua ikinyesha ndama hujikinga chini yake. Huyu ni uzao wa fahali aliyekuja na babu wa babu yangu. Walitembea siku arobaini, babu mbele na fahali nyuma, na siku ya arobaini na moja fahali akapita mbele kwa sababu babu alikuwa amepotea njia.

Ila nasikia umemwandikia na Kinyozi. Sina neno, kila mtu ana uhuru wa kununua kalamu. Nauliza tu, Kinyozi na ng'ombe wapi na wapi? Ana fahali mmoja, huyo Bapa, mgongo kama meza ya kupigia pasi. Wanaokwenda kunyolewa humsifu kwa sababu wembe unakuwa shingoni mwao.

Simu usinipigie. Maneno yangu ni marefu, simu inayakata. Dereva wa gari la maziwa atatubebea barua.

Mjomba wako,
Mtaalamu wa Ng'ombe wa Upande Huu wa Mto


Tarehe 11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisoma maabara, nikacheka mpaka Mkuu wetu akachungulia mlangoni. Naomba nikueleze jambo, na tafadhali usinune.

Nundu si dalili ya ukale, Mjomba. Ni kinyume chake. Ng'ombe waliotangulia kufugwa Afrika hawakuwa na nundu. Walikuwa na migongo iliyonyooka. Watu walikuwa wakiwachunga mpaka kule kaskazini, jangwa lilipokuwa bado lina majani na maziwa ya maji. Wenye nundu asili yao ni Asia. Walikuja baadaye, wengine kwa vyombo vya majini na wafanyabiashara, wakazaana na wenyeji. Ndiyo maana leo tuna wenye nundu kubwa mgongoni, wenye nundu ndogo shingoni na pembe ndefu, na kila namna ya katikati. Wasio na nundu kabisa wamebaki wachache. Upande wa magharibi wapo wadogo wadogo waitwao N'Dama, wanaishi kwenye mbung'o na hawadhuriki kama wengine. Huku kwetu tulidhani wamekwisha.

Kuwa na nundu si aibu. Wenye nundu wanavumilia jua na kiu kuliko wote. Ila si hao tunaowatafuta.

Kinyozi nilimwandikia kwa sababu picha ya Bapa ilifika kituoni kabla ya mimi kuambiwa niko kwenye kazi hii. Dereva wa maziwa ndiye aliyeipiga. Lakini nywele sikumwomba yeye. Nataka nywele za mkia, ishirini hivi kwa kila fahali, zing'olewe na mizizi yake. Kipimo kiko kwenye mzizi, unywele uliokatwa haunisaidii, na Kinyozi akishika nywele mkono utatafuta mkasi wenyewe. Nakuamini wewe. Tumia bahasha za karatasi, si mfuko wa nailoni, zisije zikatoa jasho. Namba moja iwe Jemedari, namba mbili Bapa.

Mkataba wangu wa majaribio unaisha mwisho wa Aprili, na kazi hii ndiyo Mkuu atakayonipimia. Nisaidie Mjomba wangu.

Mpwa wako


Tarehe 20 Februari

Mpwa wangu Daktari,

Kwa hiyo nundu ni mgeni. Haya. Nimekaa na barua yako siku tisa. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa, na maneno hayakubadilika.

Nimekwenda kwa Kinyozi kama ulivyoagiza. Unalijua lile banda lake. Kioo kimepasuka kona, radio imefungwa kwa mpira, benchi la kusubiria refu kama la zahanati. Zamani benchi lile lilikuwa langu. Nikianza kusimulia, mtu aliyekwisha kunyolewa alikuwa anarudi kwenye foleni asikose mwisho. Siku hizi wanakaa wamegeuza shingo dirishani, wanamtazama Bapa amefungwa kwenye nguzo anatafuna. Anatafuna tu, mwanangu. Hakuna jingine analofanya. Na mtu mzima na ndevu zake anasema, "Tazama alivyotulia."

Mkia anamchania kwa kitana cha wateja. Nilipomwambia nataka nywele akasema, "Ngoja nizipunguze vizuri, bwana, zisiachwe ngazi." Nikamwambia aweke mkasi chini, hii ni sayansi. Nikang'oa mwenyewe. Bapa hakugeuka hata kunitazama, utadhani mimi ni nzi.

Nimerudi nyumbani nikang'oa za Jemedari, naye akanipiga teke la goti, dalili ya damu ya kifalme. Bahasha mbili hizi hapa. Namba moja ni Jemedari. Namba mbili ni Bapa. Nimeziandika kwa mkono wangu, na mkono wangu haujawahi kukosea.

Mjomba wako,
Mtaalamu


Tarehe 2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Majibu yametoka jana na sijui nianzie wapi. Namba moja ana damu ya wale wa kale kwa kiasi kwamba Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hatujawahi kupata fahali kama huyo ukanda huu wote. Namba mbili ni mwenye nundu karibu mia kwa mia, wa kawaida kabisa. Nimemwonea huruma Kinyozi.

Hongera Mjomba. Mkuu ameshasaini taarifa kwamba Jemedari ndiye atakayeingia kitabuni.

Lakini nina swali dogo. Fahali mwenye damu hii anatakiwa awe na mgongo ulionyooka, kama ule wa Bapa pichani. Ile nundu ya kikombe cha chai ni ipi?

Mpwa wako mwenye furaha na wasiwasi


Tarehe 5 Aprili

Mpwa wangu,

Nilijua. Damu haijifichi. Tangu barua yako ifike sijala nikiwa peke yangu, kila mtu anataka kukaa na mimi.

Kuhusu nundu usihangaike. Ile si nundu ya kuzaliwa. Jemedari alivalishwa nira angali mdogo, nyama ikaumuka kama unga uliotiwa hamira. Kuna miezi inapanda na kuna miezi inashuka. Hivi sasa inashuka. Hata hivyo kile kikombe kilikuwa kidogo.

Nilikwenda kwa Kinyozi kumpa taarifa kabla hajaisikia kwa watu. Nilikaa kwenye benchi na kofia yangu, sikutaka kunyolewa, nikaisoma barua yako kwa sauti mpaka pale ulipoandika kwamba umemwonea huruma. Watu saba walikuwepo. Yeye alikuwa anamnyoa mzee wa mashine ya kusaga. Akasimamisha wembe akasema, "Hongera sana, bwana. Ng'ombe wenu walistahili." Kisha akaendelea na kidevu.

Nilimtazama usoni kupitia kioo nione kama amechukia. Hakuchukia. Ile hongera ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi mpaka nikasahau barua yako kwenye benchi, ikabidi nirudi kuichukua. Nikamkuta yuko nje, anamkuna Bapa katikati ya pembe, anazungumza naye taratibu kama mtu anayempa mtoto habari za mtihani.

Mjomba wako,
Mmiliki wa Fahali wa Kale


Tarehe 9 Aprili

Mjomba,

Nyama inayopanda na kushuka haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Alhamisi tarehe 18 Mkuu anakuja huko na mpiga picha kumwona Jemedari. Taarifa imeshapelekwa juu na jina langu liko chini yake. Wakifika wakute fahali ana nundu, hawatauliza kuhusu nira. Watasema binti wa maabara alichanganya bahasha, na mtu anayechanganya bahasha hapewi mkataba.

Nakuuliza mara moja, nijibu kwa neno moja. Jemedari ana nundu, au hana?

Mpwa wako


Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu,

Jemedari anaumwa sana. Wageni waje mwezi wa nane.

Mjomba


Tarehe 12 Aprili

Binti yangu,

Salamu nyingi. Kuandika si kazi yangu, utanivumilia. Naandika hapa hapa bandani wateja wakisubiri.

Nimefurahi kwamba fahali wa huku ndiye mliyemtaka. Hongera yako. Mama yako akija kunisalimia nitamwambia amezaa kichwa.

Jambo moja tu linanitatiza, na si la kugombania hereni. Bapa ni ndama wa yule ng'ombe mwekundu wa marehemu bibi yako, yule asiye na nundu uliyekuwa ukimshika mkia ukiwa mtoto ili akuvushe kijito. Na baba yake alikuwa fahali wa bibi yako vile vile, mgongo kama wake. Ndama aliyebaki ni huyu. Alinipa mjomba wako mwenyewe miaka sita iliyopita. Jemedari alimpata mnadani mwaka uliofuata, mimi nilikwenda naye, nikamshikia baiskeli. Kwa hiyo najiuliza inakuwaje Bapa akawa wa kuja na Jemedari akawa mwenyeji. Mwaka ule mbung'o walipomaliza mazizi, Bapa hakukonda hata kidogo. Labda mashine zenu zinaona mengine.

Kwa nini mjomba wako alinipa ndama, muulize yeye. Kiti changu hakina mdomo.

Usimgombeze. Tangu Februari haketi kwenye kiti changu, anakuja na kofia tu na kuondoka. Kama nimemkosea, mimi sijui nilipokosea.

Kinyozi


Tarehe 13 Aprili

Mjomba,

Kinyozi ameniandikia. Hakukusema vibaya hata kwa neno moja. Ndiyo maana nimejua.

Ulinifundisha wewe kumtambua ng'ombe kwa hatua zake kabla hujamwona. Nilikuwa na miaka mitano, na ng'ombe mwenyewe alikuwa yule mwekundu wa bibi. Ni wewe uliyenifanya nitake kazi hii. Sasa niambie niwaambie nini Alhamisi.

Mpwa wako


Tarehe 15 Aprili

Mpwa wangu,

Jemedari ana nundu. Haipandi wala haishuki.

Namba moja ni Bapa. Nilizibadilisha mezani kwangu kabla ya kulamba gundi ya bahasha. Nilijiambia nikizibadilisha nitakuwa nimeshinda, lakini tangu siku ile nikipita pale bandani naona kama yule fahali ananicheka, na ng'ombe hawacheki, hilo nalijua kuliko mtu yeyote.

Wakati ule sikujua kwamba jina lako litakuwa chini ya taarifa. Nilidhani wakubwa husaini mambo yao wenyewe.

Ndani ya barua hii kuna bahasha mbili mpya. Leo asubuhi nilimleta Kinyozi zizini kwangu, kisha nikaenda kwake. Kila fahali tumemng'oa nywele sote wawili tukiwa tumesimama, na Kinyozi ameandika jina lake kwenye kila bahasha juu ya langu. Nilimweleza nilichofanya. Alikung'uta kitambaa chake cha begani, akasema, "Basi na huyu wako tumpunguze mkia, umemwacha kama ufagio." Ni hayo tu. Angenitukana ningelala vizuri.

Mpe Mkuu wako barua hii aisome. Imeandikwa na mimi, makosa yote yaliyomo ni yangu, hata ya tahajia.

Umeniuliza pia kuhusu yule ndama, kwa nini nilimtoa. Hilo acha kwanza.

Mjomba


Tarehe 24 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mkuu aliisoma barua yako mara mbili. Siku ya safari aliniacha maabara nipime upya zile bahasha mpya, nadhani ilikuwa adhabu na mtihani kwa pamoja. Safari hii hazikungoja foleni, majibu yakatoka mchana kama ulivyoandika, nikampigia simu kabla hereni haijavishwa. Bapa ndiye. Aliporudi alinikalisha akaniambia kwamba siku nyingine nisimtume ndugu kung'oa nywele za ng'ombe wake mwenyewe, kisha akaniongezea miezi mitatu ya majaribio. Mkataba kamili bado. Sijafukuzwa, Mjomba. Nilisubiri siku sita kukuandikia kwa sababu nilikuwa bado nimekasirika, na sasa imepungua.

Kwenye kitabu itaandikwa hivi. Fahali: Bapa. Chimbuko: zizi la bibi. Mlezi: Kinyozi. Mkuu anasema Kinyozi ndiye aliyeng'ang'ania huo mstari wa chimbuko, alikataa Bapa avishwe hereni mpaka uandikwe.

Nakutumia picha. Kinyozi kashika kamba, wewe uko upande wa mkia. Mkuu anasema ulikuwa na kofia ya sufu jua likiwaka, ukaivua mwenyewe wakati wa kupigwa picha bila kuambiwa na mtu. Bahati mbaya mwanga umeharibu kidogo. Kichwa chako kimetoka cheupe chote. Mpiga picha anaona aibu, anasema ataweza kukitia giza kabla kitabu hakijachapwa. Nimwambie aendelee?

Na swali langu bado liko. Kwa nini ulimtoa ndama wa bibi?

Mpwa wako


Tarehe 29 Aprili

Mpwa wangu,

Picha nimeipata. Dereva wa maziwa aliiona kwanza, kisha muuza mafuta ya taa, kisha mimi.

Nimeitazama sana. Bapa katoka vizuri, siwezi kukataa. Hereni inamkaa. Kinyozi naye katoka vizuri, kavaa shati lake la harusi, na nikimtazama wivu bado unanipanda, usifikiri umekwisha. Alimchania mkia kabla wageni hawajafika, nami nilikuwa nimesimama huko huko mkiani, nikaona kwamba ningekuwa mimi nisingemchania. Ningemsimulia tu.

Sasa swali lako. Ulikuwa mwaka wa kunichagua mwenyekiti wa wafugaji. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na wiki ile ile mtoto mmoja sokoni aliniamkia "Shikamoo, babu." Babu, mimi. Nikaenda kwa Kinyozi kupitia mlango wa nyuma nikamuuliza kama ana dawa. Akasema anayo, iko kwenye kopo, ila inataka kurudiwa kila baada ya wiki mbili, maisha yote. Nikamwambia na mdomo wako je? Akasema mdomo wake hauhitaji kulipwa. Lakini mimi sikumwamini mtu asiyetaka malipo, nikamletea ndama. Nilichagua yule asiye na nundu kwa sababu nilidhani hana thamani. Bibi yako alikuwa ameondoka miezi miwili tu, na ng'ombe wake mwekundu alinifuata mpaka langoni akilia.

Miaka sita Kinyozi hakusema. Aliniketisha kila wiki ya pili, akafunga dirisha, akanirudisha ujana. Na mimi miaka sita nikamchukia kwa sababu anajua, na kila mtu akimsifu Bapa nilikuwa nasikia kama anahesabu nywele zangu. Tangu nilipobadilisha zile bahasha nilishindwa kukaa tena kwenye kiti kile, na wewe mwenyewe uliniandikia kwamba kipimo kiko kwenye mzizi. Miezi miwili inatosha mizizi kutoka.

Mwambie mpiga picha asikitie giza. Ule si mwanga wa jua.

Mjomba wako